Kipaza Sauti Kimoja Chema: Neno Kwanza, Albamu Baadaye



Kila mwaka malipo ya korosho yanapoanza kuwafikia wakulima wa Ruangwa na Nachingwea, maombi ya michango nayo huanza kufika katika halmashauri ya walei. Miongoni mwa maombi hayo halikosekani lile la vyombo vya sauti. Kwaya huomba kipaza sauti cha kurekodia albamu. Wazee huomba spika kubwa zaidi, kwa kuwa wameketi nyuma na hawasikii. Vijana huomba vipaza sauti visivyo na waya kama walivyoviona kwenye simu zao. Fedha ni ileile moja, nayo imetoka katika jasho la watu waliopalilia mikorosho na kuvuna ufuta juani.

Juma hili tunapenda kutoa maoni yetu juu ya jambo hili, ambalo wengine wanaweza kuliona dogo. Msimamo wetu ni huu: parokia au kigango chenye fedha ya kununulia kitu kimoja tu kinunue kipaza sauti kimoja chema cha dainamiki, chenye waya, kilichotengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Kazi yake ya kwanza iwe mimbarini. Kazi yake ya pili iwe kurekodi nyimbo za kwaya, siku ambazo hakuna ibada.

Tuanze na sababu ya chombo chenyewe. Mwinjili Luka anatusimulia jinsi Bwana wetu alivyopanda chomboni mwa Simoni, akaomba kisogezwe kidogo kutoka ufuoni, kisha akawafundisha makutano akiwa ameketi humo. Kitabu cha Nehemia nacho kinatuonyesha Ezra akisimama juu ya jukwaa la mti lililotengenezwa makusudi kwa kusomea Torati, na watu wakafafanuliwa mpaka wakaelewa. Tangu kale, basi, taifa la Mungu limelitafutia Neno mahali pa kusikika. Katika nyakati zetu, Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, katika namba 311, yanataka waamini waweze kuwasikia padre, shemasi na wasomaji bila taabu, hata kwa msaada wa vifaa vya kisasa. Na tarehe 12 Februari 1931 Papa Pius XI alisimama mbele ya kipaza sauti na kuizindua Redio Vatikano, ambayo mitambo yake ilijengwa na Guglielmo Marconi mwenyewe. Kanisa, kwa hiyo, halikioni chombo hiki kuwa pambo. Mama mzee aliyetembea mwendo wa saa nzima kutoka kigangoni, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango, kisha akarudi nyumbani bila kuisikia Injili, amekosa kitu alichokuwa na haki nacho.

Sasa tuone kwa nini tunasema dainamiki. Ndani ya kipaza sauti cha aina hii mna utando mwembamba ulioshikamana na koili ndogo ya waya, na koili hiyo imekaa katikati ya sumaku. Sauti inapougonga utando, koili hutikisika, na mtikisiko huo ndani ya sumaku huzaa umeme kidogo sana, ambao hupita kwenye waya hadi kwenye amplifaya. Ni kanuni ileile ya dainamo ya baiskeli, inayowasha taa kwa kuzungushwa na gurudumu. Chombo hiki hakihitaji betri wala umeme wa kukiamsha.

Kipaza sauti cha kondensa, ambacho ndicho hupendwa katika studio nyingi, hufanya kazi kwa namna nyingine. Utando wake ni mwepesi mno, nao umekaa karibu kabisa na bamba jingine lenye chaji. Kwa kawaida huhitaji volti 48 zinazoletwa na miksa kupitia waya uleule wa sauti, na amplifaya nyingi ndogo tunazozikuta vigangoni hazitoi volti hizo. Zaidi ya hayo, wepesi wake hukifanya kusikia kila kitu. Katika chumba kilichotulia, chenye mazulia na mapazia, hiyo ni sifa njema. Katika kanisa lenye bati juu, saruji chini na madirisha yaliyo wazi, ni mzigo, kwa sababu kitaokota mwangwi wa ukuta, mtoto anayelia, pikipiki inayopita barabarani na matone ya mvua. Baya zaidi, kitaiokota sauti ya spika yenyewe na kuirudisha kwenye amplifaya, nayo itatoka tena kwenye spika na kurudi tena, mpaka uzuke ule mlio mkali unaowafanya watu wazibe masikio katikati ya Injili.

Kipaza sauti cha dainamiki cha waimbaji, kikitumiwa karibu na mdomo, hupunguza sana taabu hiyo. Vingi vya aina hii husikia kwa mchoro unaofanana na moyo: husikia vizuri mbele, hupungua pembeni, na nyuma karibu visisikie kabisa. Kinachojulikana zaidi duniani ni Shure SM58, kilichoanza kuuzwa mwaka 1966 na ambacho kinatengenezwa hadi leo. Uzito wake ni kama gramu 300, nacho hupokea sauti kuanzia hezi 50 hadi 15,000, eneo linalotosha kwa sauti ya mtu. Kimejijengea sifa ya kustahimili kuanguka na kuendelea na kazi. Sennheiser e 835 nacho kimetengenezwa kwa kazi hiyohiyo, na mwenye kukipata kwa bei nafuu zaidi asisite kukinunua. Hatutangazi jina la kampuni yoyote. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba chombo kinachofaa si siri, wala si lazima kiwe cha bei ya kutisha.

Hapa tunajua mwalimu wa kwaya ana neno, na neno lake ni la haki. Atatuambia kwamba wanakwaya 30 waliosimama katika mistari mitatu hawawezi kurekodiwa vizuri na kipaza sauti cha dainamiki kimoja kilichowekwa mita mbili mbele yao. Ni kweli. Chombo hiki ni kizito wa masikio kwa vitu vilivyo mbali. Sauti za pembeni zitafifia, na ukiongeza nguvu ya miksa utaongeza pia mvumo. Kwa kurekodi kwaya nzima kwa pamoja, jozi ya kondensa hufaa zaidi. Lakini tujiulize: kwaya hurekodi albamu mara ngapi? Labda mara moja kwa miaka kadhaa. Neno la Mungu husomwa kila Dominika. Kwa kazi ya mara moja, ni busara kukodi vyombo au kwenda studio. Kwa kazi ya kila Dominika, ni busara kununua.

Isitoshe, kazi nyingi ya kurekodi nyumbani haihusu kwaya nzima. Ni mwimbaji mmoja anayeongoza, au mwalimu anayerekodi sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne moja baada ya nyingine, ili wanakwaya wa vigangoni wajifunzie kwenye simu. Kwa kazi hiyo, ndani ya chumba chenye kuku nje na mashine ya kusaga jirani, kipaza sauti cha dainamiki kilichosogezwa karibu na mdomo hushinda kondensa ya bei kubwa. Wala hii si njia ya maskini peke yao. Sauti ya Michael Jackson katika albamu Thriller ya mwaka 1982 ilirekodiwa kwa Shure SM7, kipaza sauti cha dainamiki.

Mwenye kutaka kurekodi kwenye kompyuta ajue kwamba umeme unaotoka katika kipaza sauti hiki ni mdogo, hivyo atahitaji kifaa cha kati cha kuukuza na kuuingiza kwenye kompyuta. Vipo pia vya dainamiki vyenye njia mbili, ya XLR kwa ajili ya amplifaya na ya USB kwa ajili ya kompyuta, kama vile Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x-USB. Kwa kigango kidogo, chombo cha namna hiyo kinaweza kusoma Injili asubuhi na kurekodi zaburi jioni.

Tunaongeza mashauri machache kwa kamati zetu. Kwanza, msinunue vingi. Kila mnapozidisha mara mbili idadi ya vipaza sauti vilivyofunguliwa, mnapoteza desibeli 3 za nguvu mnayoweza kutumia kabla mlio haujaanza. Vinne vilivyoachwa wazi ovyo hufanya kazi vibaya kuliko kimoja kinachotumiwa kwa utaratibu. Pili, kwa fedha ileile, chenye waya huwa bora kuliko kisicho na waya, kwa sababu hakuna fedha iliyokwenda kwenye mitambo ya kurusha mawimbi, wala hakuna betri ya kuisha katikati ya mahubiri. Tatu, jihadharini na bandia. SM58 ni miongoni mwa vipaza sauti vinavyoigizwa sana ulimwenguni, na vya kuigiza hufungwa katika boksi linalofanana na halisi. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, ulizeni. Nunueni kwa risiti, kijaribuni kabla ya kulipa, na risiti isomwe mbele ya halmashauri. Fedha ya sadaka haina haki ya kupotea kimyakimya.

Nne, msikimbilie spika kubwa kabla ya kurekebisha matumizi. Spika zikae mbele ya mstari wa mimbari, zikiwaelekea watu, wala zisielekee kipaza sauti. Msomaji akae umbali wa upana wa kiganja, asiupite. Akisogea mbali mara mbili ya hapo, sauti inayofika hupungua kwa desibeli 6 hivi, na anayeshughulikia mitambo atalazimika kuongeza nguvu, ndipo mlio unapoanza. Akigusisha mdomo, sauti huwa nzito na maneno hutopea. Asifumbate kichwa cha kipaza sauti kwa kiganja kama waimbaji wa jukwaani, kwa maana akiziba nafasi za nyuma anaharibu ule mchoro wa moyo. Asikipulize wala kukigonga. Akitaka kukijaribu, na aseme neno.

Tunasema pia jambo ambalo halimo katika kijitabu chochote cha kiwandani. Chombo hiki kina kishawishi chake. Anayekishika husikia sauti yake ikijaa kanisani, naye aweza kuanza kuipenda. Msomaji akajisikiliza badala ya kusoma. Mpiga kinanda akafungulia mpaka maneno ya wimbo yakazama, ingawa hati Musicam Sacram ya mwaka 1967 inaonya kwamba ala zisizifunike sauti kiasi cha watu kushindwa kuyasikia maneno. Nasi mapadre tukarefusha mahubiri kwa kuwa hatuchoki koo. Mtakatifu Agustino, alipohubiri juu ya Yohane Mbatizaji, alitenganisha sauti na Neno: Yohane alikuwa sauti ya kitambo, Kristo ni Neno tangu mwanzo. Sauti ikishalifikisha neno moyoni mwa msikiaji, kazi yake imekwisha. Kipaza sauti kipo upande wa Yohane.

Kwa sababu hiyo tunaomba mambo mawili yafuatane na ununuzi wo wote. Achaguliwe mtu mmoja mwaminifu, kijana wa kiume au wa kike, wa kukitunza: akifunge katika kitambaa kisiingie vumbi, akunje waya kwa duara bila kuuvunja, akifungue na kukifunga wakati wa ibada. Na wasomaji wakutane Jumamosi walisome somo mara mbili, kwa sauti, wakiwa mimbarini, huku mmoja ameketi benchi la nyuma kabisa. Huyo wa nyuma ndiye awe hakimu. Akisikia kila neno, chombo kinatosha. Asiposikia, yafaa kutazama kwanza usomaji na mahali spika zilipo, kabla ya kupitisha tena kapu la mchango.

Wanakwaya wetu wapendwa, hatuwazuii kuwa na albamu. Tunatamani kuisikia. Lakini tunawaomba mkubali kwamba kitu cha kwanza kununuliwa kwa fedha ya wote kiwe kile kinachomsaidia yule aliye mbali zaidi na altare. Nyimbo zenu zitapata faida, kwa kuwa kusanyiko lililozoea kusikia maneno ya Mungu vizuri litatamani pia kusikia maneno ya nyimbo zenu.

Tunawatakieni Dominika njema. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.