Moyo Nao Ni Nyama

Wiki iliyopita, katika kipindi cha asubuhi cha redio ambacho wenye maduka na wakaanga maandazi hukisikiliza huku mikono yao imo kazini, mzungumzaji mmoja aliyetambulishwa kuwa ni bingwa wa kupunguza unene, pasipo wasikilizaji kuambiwa ubingwa huo aliupata chuo gani, alisema kwa sauti ya mtu asiye na tashwishi hata chembe kwamba mnene hana sababu ya kuogopa njaa, kwa kuwa mafuta aliyoyabeba ni akiba, na mwenye akiba aweza kukaa mwezi mzima kwa yai, tango na maji ya ndimu, akapungua kilo 10 au 15, wala asipatwe na dhara lolote. Mama mmoja akapiga simu, akaeleza kwamba ana maradhi ya sukari na humeza vidonge kila siku. Akajibiwa ajaribu siku 7 aone. Mtangazaji akacheka, ukapigwa wimbo. Niliizima redio kwa ghadhabu ambayo hata sasa ninapoandika haijanitoka.

Laiti imani hii ingekuwa ya mtu mmoja, ningalinyamaza. Imo saluni, imo katika vikao vya harusi, imo katika makundi ya simu, nayo hunenwa na watu wenye akili timamu ambao katika mambo mengine hawadanganyiki upesi. Ni imani batili, na ubatili wake watokana na jambo moja ambalo wenye kuieneza hawataki kulitazama: mwili ulionyimwa chakula hauli mafuta peke yake, hula na nyama, na moyo nao ni nyama.

Mtu mzima huhitaji kwa siku takriban kalori 2,000 hadi 2,500, na mwenye kazi za sulubu huhitaji zaidi. Mlo usiofika 800 ndio ambao matabibu huuhesabu kuwa wa kalori chache mno. Anapopewa 300 au 400, ini humaliza kwanza sukari iliyowekwa humo, kisha mafuta huanza kuyeyushwa, hilo sikatai. Walakini ubongo na chembe za damu hudai sukari, nayo kwa sehemu kubwa hupatikana kwa kuvunja protini, ilhali mwili hauna ghala la protini isiyo na kazi. Protini yote iliyomo ni msuli, ni ini, ni moyo, ni maji ya kumeng'enyea chakula. Mwili wenye njaa hufanya kama aliyeishiwa kuni usiku wa baridi akaanza kung'oa milango, wala hakuna mtu, awe bingwa wa redio au awe nani, awezaye kuuamuru uchukue nyama ya paja na uuache moyo.

Wamarekani walilijua hilo kwa msiba. Mwaka 1976 tabibu mmoja kwa jina Robert Linn alitoa kitabu, The Last Chance Diet, akiwasifia wanene kinywaji cha protini kilichotengenezwa kwa ngozi, kano na mifupa ya wanyama, ambacho kilimpa mnywaji kalori pungufu ya 400 kwa siku. Watu wakakinywa kwa malaki. Mwaka 1977 taarifa za vifo zikaanza kuifikia serikali, na hesabu ilipofanywa wakapatikana watu wapatao 60 waliokufa wakiwa katika mlo huo au muda mfupi baada ya kuuacha, wengi wao wanawake. Waliochunguzwa kwa makini hawakuwa na ugonjwa wa moyo uliojulikana kabla, na mafuta yao hayakuwa yamekwisha. Akiba, kama aitavyo bingwa wetu, ilikuwa ingalipo. Kilichowaua ni moyo kupoteza mapigo yake ghafula, na ulipotazamwa kwa hadubini nyuzi zake zilikutwa zimesinyaa. Ulikuwa umeliwa.

Najua watakalosema: kinywaji kile kilikuwa kibovu, na siku hizi kuna unga wenye protini bora na madini yote. Ni kweli, umeboreshwa. Ila ni nani kati ya hawa mabinti zetu anayenunua unga huo? Wao wanakula tango! Kinywaji kile kibovu cha 1977 kilikuwa na protini nyingi kuliko tango.

Mtaani kwetu hapa Tanga binti mmoja alitaka kupungua kabla ya harusi yake. Chakula chake cha kutwa kilikuwa mayai mawili ya kuchemsha, tango moja na tufaha moja, ambavyo ukivijumlisha vyote havifiki kalori 300. Usiku alikunywa chai ambayo pakiti yake ilichorwa kiuno cha nyigu, na nilipoyasoma maandishi madogo ya nyuma nikakuta ni sanamaki, dawa ya kuharisha ambayo bibi zetu waliwapa watoto wenye minyoo. Sanamaki haiondoi mafuta. Huondoa maji na chumvi, na miongoni mwa chumvi hizo ni potasiamu, ambayo bila hiyo moyo haupigi sawa. Kwa hiyo binti yule alikuwa akiupunguza moyo kwa njaa mchana na kuunyang'anya chumvi yake usiku. Somo yake, mwanamke wa makamo aliyewafunda wasichana wengi, alimwuliza kwa uchungu, "Mwanangu, utaingia ndani kwa nguvu gani?" Akajibu, "Nimeshiba, somo, usijali," midomo imepauka na vidole vya baridi kama vya mgonjwa wa homa. Alianguka siku ya kupakwa hina. Harusi ilipita, na miezi mitatu baadaye nywele zilikuwa zikitoka kwa mafungu kila akipitisha kitana.

Na yote hayo kwa ajili ya gauni! Zamani fundi alikuja na futi yake, akampima mwari, nguo ikashonwa kulingana na mwili. Sasa gauni huagizwa ng'ambo, au hukodishwa dukani likiwa limekwisha valiwa na wengine, na mwili ndio unaotakiwa ukatwe ulingane na nguo. Mwari aliyekuwa akiwekwa ndani akalishwa vizuri, akasingwa kwa liwa hata ngozi ikang'ara, leo anatolewa ndani akiwa ameparama, na wageni wanamsifu kwamba amependeza. Sifa hizo nazo zina dhambi yake.

Husema tena kwamba mizani haisemi uongo, kwani siku 5 za kwanza kilo 3 zimekwenda. Zimekwenda wapi? Sukari iliyohifadhiwa katika ini na misuli hushikana na maji yapatayo mara tatu ya uzito wake, na inapotumika maji hayo hutoka kwa mkojo. Sehemu kubwa ya kilo zile ni maji, nayo hurejea siku ya pilau ya kwanza.

Sijagusa nyongo. Mafuta yanapoyeyushwa kwa pupa, kolesteroli hujazana katika nyongo, na kifuko chake, kwa kuwa hakuna chakula cha mafuta cha kukifanya kibane, hukaa kimetulia mpaka nyongo iliyolala humo ikagandamana kuwa vijiwe. Aliyewahi kumwona mtu ameshikwa na maumivu ya vijiwe hivyo usiku wa manane hatasema tena kwamba njaa haina dhara.

Hoja wanayoipenda kuliko zote ni ya Ramadhani: mbona Waislamu hufunga mwezi mzima na hawafi? Hivi huyu asemaye haya amewahi kupita uani jioni ya Ramadhani? Amekosa kuona tende, uji wa pilipili manga, sambusa, mkate wa kumimina, mihogo ya nazi, na daku la wali saa kumi za alfajiri? Mwenye kufunga hubadili saa za kula, na wengine humaliza mwezi wameongezeka. Tena sharia yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula, rehema ambayo mama yule aliyepiga simu hakuipata. Mwenye kumeza vidonge vya sukari akijinyima chakula bila kupunguziwa dawa, sukari yake yaweza kushuka mpaka akapoteza fahamu. Waingereza waliowapa wagonjwa wa kisukari kalori 825 hadi 853 kwa siku, wakatangaza matokeo yao 2017, waliwasimamisha dawa siku ya kwanza, wakawapa chakula maalumu chenye virutubisho, na wakawafuatilia mpaka mwisho. Kuitumia habari ile kumtetea mla tango ni khiana.

Na hata palipo na uangalizi, njaa ni njaa. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, kati ya 1944 na 1945, mwanachuoni Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye siha kamili katika chuo kikuu cha Minnesota, akawapa kwa majuma 24 chakula cha kalori zipatazo 1,570 kwa siku. Walipungua robo ya uzito wao. Miguu ikavimba, mapigo ya moyo yakafifia, baridi ikawaingia wakati wa jua. Wakawa hawana mazungumzo ila chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama misahafu, na mmoja wao akajikata vidole kwa shoka. Hao walikuwa vijana wenye nguvu, walipimwa mara kwa mara, na walikula mara tano ya alichokula binti wa mtaani kwetu. Yeyote atakayeshika tena kipaza sauti kuwaambia mama zetu kwamba 300 ni salama, na aanze kwa kueleza kilichowapata wale 36 kwa 1,570.