Sikuwa "divested", nilivuliwa

Barua iliyonitoa kampasi ilikuwa na sentensi moja tu ya maana. Ilisema kwa Kiingereza kwamba nimekuwa "divested" haki zote za mwanafunzi. Nikafungua kamusi. Karo sikuwa nayo, lakini kamusi nilikuwa nayo.

Kumbe neno lenyewe ni la nguo bana. Limetoka kwa Kilatini, vestis, yaani vazi. To divest ni kumvua mtu. Baadaye likapanda cheo: kumvua mtu mamlaka, kumpokonya haki, kisha kuuza hisa. Hata invest, kuwekeza, ni ndugu yake wa tumbo moja. Ilianza na kuvisha.

Sasa ugomvi wangu ni huu. Ukiniambia "divested" naona faili kwa ofisi. Ukiniambia nimevuliwa, naona ngozi, na swali linakuja lenyewe: na nani?

Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi kwa sababu wanaume walikuwa wanawavua wenzao nguo hadharani. Hakuna aliyesema ati wamekuwa divested. Walisema wamevuliwa, na kuvuliwa kuna mikono ya mtu. Mwaka huohuo sheria ikaandikwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kosa la jinai. Huwezi kushtaki faili, lakini mikono unaweza.

Mtaniambia neno hilo lina upande mzuri. Kweli. Mwaka wa 1986 Chuo Kikuu cha California, baada ya wanafunzi kukisumbua, kiliamua kuuza hisa zake kwa kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu. Hiyo pia ni divest. Lakini Kiswahili hakikubali tuchanganywe kwa kapu moja: chuo kile kilijivua, mimi nilivuliwa. Mwenye mali alichagua. Mimi nilipata barua.

Sisemi Kiswahili hakijui kuficha. Kinajua sana, sikiliza tu hotuba za wakubwa. Nasema tunakubali kuumizwa kwa lugha ambayo haitufiki mwilini, halafu tunajibu "Noted with thanks."

Kwa hivyo siku utapata barua kama yangu, ya kazi, ya nyumba au ya mkopo, itafsiri kwanza kabla hujalia. Kisha wajibu kwa Kiswahili: aliyenivua ni nani, na nguo yangu amevaa nani?