Hoja Kali Si Tusi

Kuna jambo moja ambalo Waislamu na Wakristo wa mitandaoni wamekubaliana bila kikao wala mpatanishi: ukimkosoa kiongozi wao wa dini, umemshambulia. Upande mmoja utaambiwa usimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Upande wa pili utaonywa kwamba nyama ya wanazuoni ina sumu. Ukizidi kuuliza, pande zote mbili zitakurudishia swali lile lile: umetumwa na nani, na amekulipa shilingi ngapi?

Imani hii ni potofu, na sihitaji kuazima hoja za uhuru wa maoni ili kuipinga. Dini zenyewe haziitambui.

Anayemkinga mchungaji wake kwa Zaburi ya 105 aisome yote. Inawataja Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache katika nchi za watu, na wanaoonywa pale ni wafalme, wasiwadhuru. Hakuna neno juu ya muumini anayeuliza hesabu za sadaka. Nathani alimwendea Daudi, mpakwa mafuta asiye na shaka, akamwambia usoni kwamba mkosaji ni yeye. Paulo alimkaripia Petro mbele ya watu kule Antiokia, kisha akakiandika kisa hicho mwenyewe katika waraka kwa Wagalatia. Leo angetolewa kwenye grupu kabla ya adhuhuri.

Kwa Waislamu jambo hili liko wazi zaidi. Wanazuoni wa Hadithi walijenga elimu nzima ya kuwapima wapokezi: huyu mwongo, huyu kumbukumbu yake dhaifu, huyu alichanganyikiwa uzeeni. Walitaja majina, tena ya watu waliojulikana kwa ibada, wala hawakuona kuwa wanasengenya, kwa kuwa maneno ya Mtume yalipitia vinywani mwa watu hao. Imamu Nawawi, katika Riyadh al-Salihin, ametaja hali sita zinazoruhusu kumsema mtu kwa ubaya wake, na kuwatahadharisha wengine ni mojawapo.

Basi kinachotenganisha ukosoaji na shambulio ni nini? Wengi hupima kwa sauti: ikiwa laini ni ushauri, ikiwa kali ni chuki. Kipimo hiki ni kibovu kabisa. "Tumwombee ndugu yetu, sote tunajua hali ya ndoa yake" ni maneno laini kama siagi, na ni shambulio. "Fundisho hili ni la uongo, na hii hapa aya inayolipinga" ni kauli kali, na ni ukosoaji halali. Wengine hupima kwa uchungu: nimeumia, kwa hiyo nimetukanwa. Lakini ukweli unauma, uzushi unauma, na hata kukumbushwa deni kunauma.

Mimi napima kwa swali moja: je, maneno haya yanajibika? Hoja, hata iwe chungu namna gani, inamwachia mwenzako mahali pa kusimama akajibu. Tusi halimwachii kitu ila kulipiza.

Chukua ugomvi wa maulidi, unaofufuka kila Mfungo Sita. Anayesema Mtume na masahaba hawakuyasoma, kwa hiyo ni bidaa, yaani uzushi katika dini, anawaumiza watu waliolelewa na maulidi kuanzia Lamu hadi Unguja. Lakini amesema jambo lenye jibu, na majibu yapo tele. Wanazuoni wamebishana karne na karne kama kuna bidaa njema na bidaa mbaya. Sasa anatokea mtu anamwambia, "Wewe Wahabi, umeshiba riali za Saudia." Huyo ajibu nini? Alete taarifa yake ya benki? Na yule anayemwita msoma maulidi mwabudu makaburi hana tofauti na huyo wa riali.

Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwanazuoni wa Zanzibar, hakuwa mtu wa maneno ya upole. Tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya Waahmadiya ilipotoka mwaka 1953 kwa kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi, aliipinga kwa kitabu alichokiita Upotofu wa Tafsiri ya Makadiani. Jina lenyewe linachoma, na "Makadiani" si jina ambalo Waahmadiya hujiita. Hapo, kwa kipimo changu, alivuka mpaka. Lakini hakuishia kwenye jina la kitabu. Mwaka 1969 tafsiri yake mwenyewe ya Kurani nzima ilichapishwa Nairobi, na tangu hapo yeyote anaweza kuziweka mbili mezani akalinganisha aya kwa aya. Nitajie mhubiri mmoja wa TikTok aliyewahi kumpinga mwenzake kwa jasho la namna hiyo.

Mahali tulipolipia gharama ya kuchanganya mambo haya ni Dar es Salaam. Katika mihadhara ya kidini ya miaka ya 1980 na 1990, kauli kwamba Yesu si Mungu ilihesabiwa na wengi kuwa kashfa. Kweli, kulikuwa na dhihaka za makusudi katika baadhi ya mihadhara ile. Lakini kauli yenyewe ni itikadi ya kila Mwislamu, kama ilivyo itikadi ya Mkristo kutomkubali Muhammad kuwa nabii. Kama hilo ni tusi, basi kila dini inatukana kwa kuwepo tu. Mvutano ule ulifika kwenye msikiti wa Mwembechai Februari 1998. Polisi wakafyatua risasi, watu wakafa.

Je, mwenendo wa kiongozi usiguswe? Unaguswa, pale yeye mwenyewe anapoufanya ushahidi. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Kuuliza njia za kutokea zilikuwa ngapi na nani alizikagua ni swali la haki, hata jina la mhubiri likitajwa. Kusema kwamba ni mchawi na mafuta yake ya kuzimu ni kelele tu, na kelele hizo humsaidia yeye, kwa kuwa swali la njia za kutokea huzama humo. Nchini Kenya, mhubiri Paul Mackenzie alikamatwa mwaka 2017 kwa tuhuma za kuwafundisha watoto waache shule. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wake ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola. Watu walikuwa na miaka sita ya kuuliza maswali makali bila kumtukana yeyote.

Ninyi maadmini wa magrupu ya misikiti na makanisa, mnamtoa aliyeuliza fedha za ujenzi zimefikia wapi, na mnamwacha aliyemwita mwenziwe kafiri au wakala wa shetani, kwa kuwa huyu yuko upande wenu. Mrudisheni yule wa kwanza, mumpe jibu lake. Huyu wa pili ndiye wa kutoka.