Kabla ya Kukodi Godoro la Kambi, Uliza Namba

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa mtaona sikwenda mbali nazo.

Agosti mwaka jana nilipanda Mlima Kenya na marafiki watatu, kwa njia ya Sirimon. Usiku wa pili tulipiga hema Shipton's Camp, mita 4,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Nilikuwa na mfuko mzito wa kulalia, ambao bei yake bado inaniuma, na chini yake godoro la hewa nililokodi Nairobi. Mwenye duka alilibonyeza kwa kidole akaniambia, "Hili ni nene, hutasikia baridi."

Kufikia saa sita usiku mgongo wangu ulikuwa barafu. Saa tisa wenzangu walipoamka kuelekea Point Lenana, mimi sikuwa nimepata hata lepe la usingizi. Natetemeka, kichwa kinagonga. Walienda, nikabaki kulinda mizigo. Na mmoja wao, aliyelalia kipande cha sponji ngumu cha sentimita 2, alikuwa amekoroma usiku kucha!

Niliporudi nilitafuta kosa kama ninavyotafuta kosa kwenye programu. Mfuko wa kulalia hukupa joto kwa hewa iliyonaswa ndani yake. Ukiulalia, uzito wako unaikamua hewa hiyo, basi upande wa chini unabaki na godoro peke yake. Na godoro la hewa tupu, hata liwe nene namna gani, hewa yake inazunguka na kupeleka joto lako ardhini. Sponji imeinasa hewa katika vishimo vidogo vidogo, haina pa kwenda.

Kwa hivyo unene ni starehe. Joto ni jambo jingine, na lina namba yake: R. Namba hii hupima jinsi godoro linavyozuia joto lisipite. Hebu tupige hesabu ya haraka. Chukulia mwili una joto la nyuzi 30 kuliko ardhi, na sehemu inayogusa godoro ni mita mraba 0.4. Godoro la R 1 litapitisha wati 68 hivi. La R 4 litapitisha 17. Mtu aliyelala hutoa kama wati 70 au 80 kwa mwili mzima! Nguo na mfuko husaidia kidogo, lakini umeona mwenyewe nilivyokuwa nikiipasha moto Shipton's Camp.

Zamani kila kiwanda kilipima R kwa njia yake, kama vile kila kivinjari kilivyosoma kurasa za wavuti kivyake. Mwaka 2018 shirika la viwango la ASTM lilitoa kipimo kimoja, F3340, na kuanzia 2020 makampuni makubwa yakaanza kukitumia. Sasa godoro la kampuni moja linaweza kulinganishwa na la nyingine. Sisi watu wa kompyuta tunajua thamani ya kiwango cha pamoja. Lakini kina faida gani ikiwa anayekukodishia haijui namba hiyo, au ameibandua?

Kuna atakayesema magodoro yenye namba kubwa ni ghali. Kweli. Ila R ina uzuri mmoja: hujumlishwa. Sponji ya kawaida huwa na R 2 hivi. Weka mbili, una 4. Au weka sponji moja chini ya godoro la hewa lenye R 3, upate 5 pamoja na starehe, na miiba isilifikie lile la hewa. Ukilala kwa ubavu utashukuru. Na kama unaenda Watamu, acha haya yote, R 1 inakutosha.

Ushauri wangu: pesa zikiwa chache, nunua godoro kabla ya mfuko ghali. Na ninyi mnaokodisha vifaa, andikeni namba kwenye kila godoro. Tusiuziwe mbuzi kwenye gunia, maana gunia lenyewe tunalipeleka mita 4,200.

Januari narudi na sponji mbili. Safari hii mizigo atailinda mwingine.