Kabla ya Rangi, Tuulize Ukuta



Vakansi kubwa imefika, mvua imekatika, na katika kila mtaa tunaona vitanda vimetolewa inje ili vyumba vipakwe rangi. Ni wakati wake kweli. Hapa Bukavu mvua inatushika tangu mwezi wa tisa mpaka wa tano, na kuta zetu zinapata nafasi ya kukauka vizuri mwezi wa sita, wa saba na wa nane tu. Kwa hiyo juma hili tuongee juu ya kazi inayotangulia rangi: kutayarisha ukuta.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Mwaka juzi, mbele ya Noeli, zamu yetu ya likelemba ilifika, tukasema chumba cha watoto nacho kipendeze. Chini ya ukuta wa nyuma kulikuwa na madoa meusi. Fundi akatuambia, "Mama, rangi itafunika." Tulimwamini upesi, kwa sababu sikukuu ilikuwa karibu na tulitaka kumwamini. Tukapaka rangi ya mafuta, ukuta ukang'aa, wageni wakausifu. Pasaka ilipofika, rangi ilikuwa imetoa mapovu na kudondoka vipande vipande juu ya kitanda. Madoa yalirudi. Mtoto wetu mdogo, ambaye kifua chake ni chepesi kushikwa, akakohoa usiku kucha. Zamu nzima ya likelemba tuliikusanya chini kwa ufagio.

Kisa kilikuwa nini? Nyumba yetu, kama nyingi za hapa, imekatwa ndani ya mlima. Nyuma ya ukuta ule, udongo umepanda mpaka karibu na dirisha. Mvua ikinyesha, maji yanashuka, yanalowesha udongo, kisha yanapenya matofali. Rangi ya mafuta haipitishi maji, basi maji yaliisukuma mpaka ikabanduka. Rangi haikuwa mbaya. Sisi ndio tuliipa rangi kazi ya mfereji.

Swali la kwanza: maji yanatoka wapi?

Chukua kipande cha plastiki safi, ukubwa wa daftari. Kibandike ukutani na skochi pande zote nne, ukiache mchana na usiku. Kesho yake ukitazame. Kama matone ya maji yako upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Kama yako upande wa chumba, ni pumzi zetu, mvuke wa sufuria na nguo zinazoanikwa ndani. Hapo dawa ni kufungua madirisha na kusogeza mbabula inje.

Unyevu ukitoka ndani ya ukuta, usinunue rangi bado. Panda utazame manjanja: pengine kuna tundu la msumari. Zunguka nyuma ya nyumba. Sisi tuliondoa udongo uliokuwa umeegemea ukuta, tukachimba mfereji wa kupeleka maji pembeni, mbali na msingi, na pasipo kuyaelekeza kwa jirani wa chini. Mama, mlima huu ni wetu sote. Maji unayoyafukuza kwako yasiwe msiba wa mwenzako. Mwenye ukuta mrefu wa udongo nyuma ya nyumba asiukate peke yake: amwite mtu anayejua, kwani udongo ukikatwa vibaya unaanguka. Kisha tuliuacha ukuta ukauke kiangazi chote.

Na ukuta mpya wa simenti? Nao unataka kungoja: juma nne hivi kabla ya kupakwa. Nyumba ya potopoto usiifunge na rangi ya mafuta. Chokaa inaifaa zaidi, kwa sababu inauacha udongo upumue.

Swali la pili: mpasuko umetulia au unatembea?

Wengi wetu tunakumbuka siku ya Mungu, tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, ardhi ilipotetemeka hapa Bukavu na ng'ambo ya Rusizi. Katika nyumba tuliyoachiwa na wazazi, mpasuko wa siku ile ungali sebuleni. Je, upakwe tu? Hapana, kwanza upimwe.

Hapa kazi ya mwalimu inasaidia. Chukua kalamu ya karbo na rula ya mtoto. Weka alama pale mpasuko unapoishia, juu na chini, na uandike tarehe. Chora alama mbili ndogo, moja kila upande wa mpasuko, upime umbali kati yake. Rudia kila mwezi, zaidi wakati wa mvua. Unaweza pia kupaka daraja dogo la plasta juu ya mpasuko, ukubwa wa kiberiti. Daraja likivunjika, ukuta unatembea.

Wa kwetu haukusogea hata kidogo. Basi tuliupanua kidogo na ncha ya kisu, tukatoa vumbi, tukaulowesha, tukajaza mastiki, ikakauka, tukasugua mpaka mkono ukipita hausikii kitu. Mipasuko myembamba kama unywele inatengenezwa hivyo hivyo.

Lakini mpasuko unaoanza kwenye kona ya mlango au dirisha na kwenda mshazari, unaoonekana ndani na inje, au unaoingiza sarafu, huo ni habari nyingine. Mama mmoja wa kikundi chetu, upande wa Kadutu, alikuwa anataka kupaka sebule kwa ajili ya siku ya mahari ya binti yake. Tulimwomba aweke alama kwanza. Katika miezi miwili ya mvua, daraja la plasta lilivunjika, na mlango ukaanza kukwama. Tunajua wote kwamba katika Kadutu kuna mahali, kama Funu, ambapo ardhi yenyewe inateremka polepole. Mama yule alilia, kwa kuwa feza ya rangi alikuwa ameitunza mwaka mzima. Mwishowe alihamisha kitanda cha watoto kutoka chumba kile, akamlipa fundi wa kujenga aje kutazama msingi, na mahari ikapokelewa kwa dada yake. Watu walikula, wakacheza, na hakuna aliyeuliza rangi ya ukuta. Lakini watoto wanalala mahali salama.

Sasa mikono kazini

Maji yakishazuiwa na mpasuko ukishajulikana, kazi inayobaki ni ya jasho tu. Toa vitu, funika visivyotoka, zima umeme kabla ya kugusa karibu na vifungo vyake.

Kwangua kila kinachobanduka, na kisu butu au spatila. Chokaa ya zamani inayoacha unga mkononi nayo itoke, la sivyo rangi mpya itaishika chokaa, chokaa itaachia ukuta, na zote mbili zitaanguka pamoja. Ukiona unga mweupe kama chumvi juu ya simenti, uondoe na brosi kavu. Usiuoshe: maji yanairudisha chumvi ndani ya ukuta, kisha inatoka tena.

Hapa tusikilizane sana. Rangi za zamani, hasa za mafuta, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Vumbi lake likiingia kinywani au puani mwa mtoto, linaharibu ubongo wake, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama. Sisi walimu tunajua uzito wa neno hilo. Kwa hiyo, lowesha ukuta kabla ya kukwangua na kusugua. Funga kitambaa kinywani na puani. Watoto na wamama wenye mimba wasiwe chumbani. Vumbi lifutwe na kitambaa chenye maji, lisifagiliwe likiwa kavu. Mabaki usiyatie ndani ya mbabula hata kidogo.

Madoa meusi yenye harufu ya uvundo yanataka javeli: kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, madirisha yakiwa wazi. Iache robo saa, suuza, ngoja ikauke. Javeli usiichanganye na siki wala na dawa ya kusafishia choo. Mvuke wake unaumiza kifua vibaya. Masizi na mafuta ya jikoni yanatoka na sabuni na maji ya moto. Ukuta wenye rangi ya mafuta inayong'aa, uuoshe, kisha usugue na papie vere ili rangi mpya ipate pa kushika.

Mwisho jaza matundu, sugua, futa vumbi, ngoja ukauke. Bandika skochi ukutani na uivute kwa nguvu. Ikitoka safi, ukuta uko tayari. Ikitoka na unga, rudi nyuma.

Mwaka huu kazi hii ilituchukua muda mrefu kuliko rangi yenyewe, ambayo ilikuwa kazi ya siku mbili tu. Tulinunua ndoo moja ya rangi ya maji, ya kawaida, na mvua za mwaka zimepita juu yake. Ukuta ungali mzima. Mtoto analala.

Mbele ya kununua ndoo, basi, tuanze na rula na kalamu. Ziko tayari nyumbani, ndani ya mfuko wa masomo. Siku ya posho, kwenye mkutano wetu, kila mama aje na vipimo vya mpasuko wake tuvitazame pamoja. Juma lijalo tutaongea juu ya rangi yenyewe: namna ya kuchagua, na namna ya kutodanganywa dukani.

Mubaki na amani.