Si Kila Kinachokaba Usiku ni Jinamizi

Ndugu msomaji, juma hili nakusimulia habari ya shangazi yangu wa Kwamsisi, wilayani Handeni, mama wa makamo aliyelea watoto sita kwa jembe la mkono. Nimemwomba ruhusa, naye ameniruhusu kwa sharti moja: niieleze ilivyokuwa, ili mwingine asichelewe kama yeye.

Kwa muda wa miezi mitatu shangazi alikuwa akisali Isha, akilala vizuri, kisha baada ya saa moja au mbili akigutuka kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Moyo unamwenda mbio, pumzi haitoshi, jasho linamtiririka. Huinuka akaketi, akamwomba mjukuu afungue dirisha. Baada ya robo saa au nusu saa hali hutulia. Akijilaza tena, mambo ni yale yale. Mwishowe akawa analala ameegemea ukuta.

Nyumbani jawabu lilipatikana mapema: jinamizi. Kisha likatokea jambo ambalo kwa wengi lilikata shauri. Shangazi alianza kuhema kila anaposujudu. Akiinama pumzi hukatika, akiketi hurejea. Wakasema hiyo ndiyo dalili yenyewe, kwamba aliyemkalia hataki swala. Mama aliyechunga vipindi vyake vitano tangu utotoni akaanza kuona haya kusali mbele za watu. Aliniambia baadaye kuwa haya hiyo ilimuuma kuliko kukosa pumzi.

Ndugu msomaji, hatukanushi kuwapo kwa majini. Qur'ani imewataja, na kisomo ni rehema kwa mgonjwa. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) aliwahimiza watu kutafuta matibabu, na yeye mwenyewe aliugua akatibiwa. Kisomo na hospitali havigombani. Kosa letu lilikuwa kulipa ugonjwa jina kabla ya kuuliza chanzo chake.

Alfajiri moja tukampeleka hospitali. Tabibu alikuwa kijana mdogo. Alimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza kwa miezi mitatu: "Bibi, unalalia mito mingapi?"

"Zamani mmoja, mjukuu wangu. Siku hizi mitatu, na ukuta."

Akauliza iwapo viatu humbana jioni, akambonyeza kifundo cha mguu, na pale kidole kilipotoka pakabaki kishimo. Swali la tatu lilihusu dawa. Hapo shangazi akainamisha uso. Mwaka uliopita alipewa vidonge vya presha. Alipojihisi mzima akaviacha, kwa kuona ni hasara kununua dawa ilhali haumwi. Siku ile presha yake ilikuwa 190 kwa 110.

Tabibu akatufafanulia. Presha ya muda mrefu huuchosha moyo kama ng'ombe anayekokota mzigo mlimani kila siku. Mchana, mtu akiwa amesimama, maji ya ziada hukusanyika miguuni. Akilala, maji yale hurudi katika damu na kuuelemea moyo uliodhoofika. Moyo ukishindwa kuisukuma damu mbele, maji hujaa mapafuni, na mtu huamka akitafuta hewa. Ndiyo sababu kuketi kulimpa nafuu, na ndiyo sababu kuinama katika sijida kulimkata pumzi. Hapakuwa na anayechukia swala yake. Moyo ndio uliokuwa umeelemewa.

Wala hayuko peke yake. Katika utafiti uliofanywa Muhimbili kwa wagonjwa 427 wenye moyo kushindwa kufanya kazi, uliochapishwa mwaka 2014, shinikizo la damu lilikuwa chanzo kwa asilimia 45 yao, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu.

Hata hivyo, tusifanye kosa lile lile kwa kuwavika watu wote jina moja jipya. Upungufu wa damu huufanya moyo uende mbio, na kwetu huletwa na malaria, minyoo ya safura, au hedhi nyingi ambayo mwanamke anaisitiri kwa haya. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, moyo hudunda hata mtu akiwa amepumzika, naye hukonda ingawa anakula. Pumu hupenda kubana usiku wa manane hadi alfajiri, kwa kikohozi na mlio wa filimbi kifuani. Chakula kizito kabla ya kulala huweza kurudisha asidi kooni na kumwamsha mtu akipaliwa. Zipo pia hofu na huzuni: aliyefiwa au anayedaiwa aweza kuamka moyo ukidunda, na maumivu yake ni ya kweli. Ila hofu isitajwe kabla moyo, damu na mapafu havijapimwa.

Mzazi naye tumwangalie kwa jicho la pekee. Mwezi wa mwisho wa ujauzito, na miezi mitano baada ya kujifungua, moyo huweza kudhoofika ghafla. Akishindwa kulala chali na miguu ikivimba, asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Kabla ya kwenda, andika haya: tatizo huja saa ngapi, huchukua muda gani, nini huleta nafuu, mito mingapi, dawa zipi zimetumiwa au kuachwa, zikiwamo za miti shamba. Omba kupimwa presha, wingi wa damu na umeme wa moyo. Penye haja ya uchunguzi zaidi, mgonjwa hupewa rufaa, kama vile kwenda Bombo, Tanga, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini kifua kikiuma, midomo ikibadilika rangi, mtu akizimia, au pumzi isiporejea hata akiketi, msingoje kupambazuke.

Shangazi alipewa dawa ya kupunguza maji na ya presha, akaagizwa apunguze chumvi. Ng'onda aliyoipenda ameiaga. Wiki za mwanzo alisali juu ya kiti, ruhusa ambayo dini yetu imempa mgonjwa wala si aibu. Juzi alinipigia simu baada ya Alfajiri. Hakuzungumzia presha wala vidonge. Alisema tu, "Mwanangu, leo nimesujudu chini, nikakaa huko nikaomba dua yangu yote."

Alhamdulillah. Vidonge anavyo bado, na safari hii haachi.