Staa Akipanda Daladala Mnasema Kafulia, Haya Tupige Hesabu

Kila baada ya muda inasambaa picha ileile, kinachobadilika ni mtu tu. Leo ni mwigizaji aliyetamba miaka kumi iliyopita, kesho ni msanii wa singeli ambaye ngoma yake ilipigwa kila mtaa. Kapigwa picha kwa siri ndani ya daladala, kashika bomba, au kasimama kituo cha mwendokasi na mfuko wake mkononi. Hakuna tukio lolote hapo. Hajalewa, hajagombana, hajafumaniwa. Kapanda gari kama watu wengine wanavyopanda. Lakini shuka kwenye maoni uone: kafulia, mjini siyo poa, Mungu nisaidie yasinikute.

Sasa geuza upande wa pili. Staa mwingine kapiga picha kaegemea ndinga nyeupe, miwani usoni, mlango wazi. Huko hakuna anayeuliza gari ni la nani. Wadau wa video mnaelewa ninachosema. Mjini hapa kuna magari yanaishi kwa kukodishwa, na ukiwa na jicho kali utaliona gari moja kwenye video za wasanii watatu tofauti, kila mmoja anaimba kwamba ni lake. Sitaji mtu, wenyewe wanajijua. Kukodi gari la video ni kazi halali na siipingi. Shida yangu ni kwamba mashabiki hawakodi kwa siku moja. Wao wanakopa.

Kuna kizazi cha vijana hapa Dar kimeamini kwamba mtu mzima mwenye kazi lazima awe na usafiri wake, la sivyo hajaanza maisha. Kaajiriwa mwezi wa sita, mwezi wa kumi kashachukua mkopo wa mshahara, kaagiza IST au Passo kutoka Japani. Bei aliyoiona mtandaoni ilimchekea, akaja kukutana na ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18 na gharama za bandari. Kwa gari la zamani, kodi peke yake inaweza kukaribia au kupita bei aliyonunulia. Hapo anaongeza mkopo wa pili, safari hii kwa wale jamaa wa kausha damu. Gari limefika, kalipiga picha, hongera zimemiminika. Makato yanaanza mwisho wa mwezi.

Tupige hesabu ndogo. Chukua mtu anayekaa Kimara, kazini kwake Posta. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 30. Kwa foleni zetu za kusimama na kusogea, gari dogo litakunywa lita tatu hivi. Petroli mwaka 2022 ilivuka shilingi 3,000 kwa lita hapa Dar, na bei inatangazwa upya na EWURA kila mwezi, kwa hiyo weka shilingi 9,000 kwa siku kama kadirio. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 234,000. Mwenzake anapanda daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Nauli iliyoanza kutumika Desemba 2023 kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 600, kwa hiyo kwa nauli hiyo anatumia 2,400 kwa siku, sawa na 62,400 kwa mwezi. Tofauti ni zaidi ya shilingi 170,000. Hapo sijagusa maegesho, kuosha gari, oili, tairi, bima, fundi wa gereji anayekuambia "bosi, hii shoksi imekufa", wala ile faini ya trafiki ya 30,000 kwa kosa. Mkopo wenyewe sijaugusa kabisa.

Kuna jambo dogo watu hulisahau. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile tuliyozoea kuiita road license, ilifutwa mwaka 2017 na kodi ikaongezwa kwenye mafuta. Maana yake gari likilala nyumbani hulipi, likiwa kwenye foleni unalipa huku umekaa. Hebu wazia saa moja unatazama taa za breki za mtu mwingine, na kila dakika ina kodi ndani yake.

Na hapo bado hujawa gari la mtaa. Mwenye gari uswahilini ana majukumu ambayo hayajaandikwa popote. Mgonjwa wa usiku ni wako, mama mjamzito wa nyumba ya tatu ni wako, msiba wa shemeji wa jirani ni wako, na kwenye kamati ya harusi umeshawekwa kwenye usafiri kabla hujafika kikaoni. Ukikataa, unaringa. Hili kwa kweli silihesabu kama hasara, watu wameokolewa maisha na Vitz iliyochoka. Ila mafuta hakuna anayeweka.

Wapo watakaosema hela siyo tatizo, tatizo ni hadhi. Kwa hao nina swali moja kuhusu treni. Tangu SGR ianze safari za Dar mpaka Dodoma katikati ya mwaka 2024, mmeona nani hajapiga picha mle ndani? Wabunge wamo, mastaa wamo, watangazaji wamo, wenye magari ya milioni mia wamo. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Ule nao ni usafiri wa umma, unakaa na mtu usiyemjua, mnashuka pamoja, mnapanga foleni pamoja. Hakuna aliyeandikiwa kafulia. Kwa nini? Kwa sababu una siti yenye namba, unajua saa ya kuondoka, na hakuna anayekuvuta shati mlangoni.

Kwa hiyo aibu haitokani na kupanda gari moja na wenzako. Tunachokionea aibu ni kubanwa. Ni kuingilia dirishani ukiwa umevaa suti, kusimama kwa mguu mmoja kutoka Gongo la Mboto mpaka Mnazi Mmoja. Ni kugeuza na gari, yaani kupanda kwanza kuelekea mwisho wa ruti na kulipa nauli mara mbili ili tu urudi umekaa. Ni konda anayesema "songa nyuma kuna nafasi" wakati nyuma kuna watu wamekunjwa kama mitumba. Anayekwepa hayo hajidai. Anakwepa kudhalilishwa, na hilo lina haki yake.

Ila angalia kinachotokea baada ya kukwepa, maana kwangu hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kila anayepata kahela kidogo anatoka. Msanii mwenye wafuasi milioni katoka. Mtangazaji katoka, mwanasheria katoka, meneja wa benki katoka, afisa anayepanga mambo ya usafiri hakuwahi hata kuingia. Wanaobaki kituoni ni mama wa sokoni, fundi ujenzi, dada wa dukani na mwanafunzi wa nauli ya 200 ambaye konda anamsukuma kwa kiwiko ili aingie mtu wa 600. Hao wakilalamika, nani anasikia? Staa akiweka video moja ya kituo kilivyofurika saa kumi na mbili asubuhi, ingejibiwa kabla ya saa sita. Lakini hawezi kuiweka, kwa sababu mtamwuliza yeye alikuwa anafanya nini pale. Kicheko chenu kimemfunga mdomo mtu ambaye angesikika.

Na siyo kwamba mji huu hauwezi. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016, kilomita 20.9 za barabara yake peke yake, mtu wa Kimara aliyezoea kukaa barabarani saa mbili alifika Kivukoni kabla hajamaliza kusikiliza taarifa ya habari. Dar ikapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, mji wa kwanza Afrika kuipata. Wenye magari ndio waliobaki kwenye vioo vyao wakitazama basi likipita. Baadaye mnajua wenyewe: watu wakawa wengi kuliko mabasi, foleni ikahama kutoka barabarani ikaja kituoni, na mvua kubwa ikinyesha Jangwani inajaa maji safari zinakatwa. Wengi waliokuwa wameacha magari nyumbani wakayawasha tena. Wala sitawalaumu. Lakini ule mwaka wa kwanza ulionyesha kwamba watu hawana ugomvi na basi. Ukiwapa basi linalofika, wanapanda, na tai zao shingoni.

Mtu mwingine ataniambia tumejengewa flyover ya Tazara, interchange ya Ubungo, daraja la Tanzanite, kwa hiyo foleni itaisha na gari litalipa. Nimepita kote huko. Unaruka juu ya makutano kwa raha kabisa, ukishuka unakuta foleni imekusubiri mbele. Magari yanaongezeka kila siku na wote tunataka kufika Kariakoo saa ileile. Gari lako lina kiyoyozi, lina muziki wako, hakuna wa kukukanyaga, kwenye mvua unakaa mkavu na nguo zako zinafika zimenyooka. Hivyo ni vitu vya maana, asikudanganye mtu. Kufika mapema ndiyo halikupi. Bodaboda aliyekupita Magomeni atakuwa ameshakula chapati mbili.

Kuna kundi moja hata hivyo sitaki liingizwe kwenye hesabu zangu za mafuta, nao ni dada zetu.

Tuache utani. Gari likijaa, kuna wanaume wanaona hiyo ndiyo nafasi yao. Wapo wanaoacha gari lenye siti wakasubiri lililojaa. Muulize dada yako, mke wako, binti yako wa chuo, na ukimuuliza kaa kimya umsikilize. Atakuambia namna ya kushika mkoba nyuma kama ngao, namna ya kutafuta dirisha, siku aliyoshuka vituo vitatu kabla ya kwake kwa sababu ya mtu aliyekuwa nyuma yake. Akipiga kelele, gari zima linacheka, na konda anamwambia kama hataki kuguswa akapande teksi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilishafanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai, ila ndani ya Kosta ya Mbagala hiyo sheria haijapanda bado.

Sasa mwongezee umaarufu. Msanii wa kike akipanda daladala hapigwi picha tu. Anashikwa nywele kuona kama ni wigi, anaulizwa ya mume wake aliyemwacha, anarekodiwa simu tatu kwa wakati mmoja, na kijana asiyemjua anamwekea mkono begani ili apate picha. Msanii wa kiume atachekwa siku mbili yataisha. Huyu atafuatwa mpaka kwake. Kisha kazi yake yenyewe inaisha saa ngapi? Mazoezi ya bendi, kurekodi, shoo, kupiga picha za filamu, vyote vinamalizika daladala zimeshalala. Inabaki boda, bajaji au gari la kuita kwa simu, na kila moja ni kumwamini mwanaume usiyemjua kwenye kona yenye giza. Muuza chipsi, nesi wa zamu na dada wa baa wanapitia hayohayo bila hata mfuasi mmoja.

Kwa hiyo yule bwana mwenye mkopo wa kausha damu, anayeendesha kutoka Kimara peke yake ili tu wenzake wa ofisini wamwone akishuka, huyo naweza kumwambia alaze gari siku nne za wiki na asipungukiwe kitu. Dada anayetoka kazini saa sita usiku akiwa na IST ya mkopo siwezi kumwambia hivyo. Aniulize tu, "Nikiiuza nitapanda nini?" nami sina jibu la kumpa. Kituo chake hakina taa, gari la mwisho limeondoka saa nne, na ndani ya hilo gari hakuna aliyewahi kumtetea. Makato yake ni makubwa, analipa, na kila mwezi akilipa anajua anachokinunua.